Mapendo ya telefone: fungua roho, funga mushahara

Ndugu wa Kolwezi na Likasi, sisi wa sendika tunaona mambo mbili kwenye WhatsApp. Kijana wa miaka 25 anasema yote usiku wa kwanza: picha, kampuni, hata siku ya mushahara. Papa wa miaka 50, aliyefiwa na bibi, anaficha watoto na kikohozi cha vumbi, anaogopa kuachwa.

Wote wanaumia. Tangu M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, mutu usiyemuona anaomba feza ya dawa leo, kesho namba imefungwa. Naye papa analipa aibu siku ukweli unatoka.

Kijana, usitaje feza mpaka muonane, ndugu wakiwa pale. Papa, sema watoto mapema: mwenye kukimbia, afazali akimbie mbele ya mahari.