Tuyapige picha maua ya porini, tusiyachume

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeipamba ardhi kwa mimea ya kila namna. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, mvua za masika zinapokatika, vichaka vilivyosalia Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, na Chamazi upande wa Temeke, huchanua maua ambayo hakuna aliyeyapanda wala anayeyamwagilia. Lakini viwanja hupimwa, nyumba hujengwa, na vichaka hupungua mwaka hadi mwaka. Wapo watoto wetu ambao ua wanalolijua vyema ni lile la plastiki lililomo sebuleni. Qur'ani inatutaka tuitazame mimea na kuzingatia. Atazingatia nini mtoto ambaye hakuonyeshwa?

Kwa hiyo tunawausia wazazi watenge asubuhi moja ya likizo ya Juni, wawachukue watoto pamoja na simu yenye kamera, waende kuyatazama maua hayo na kuyapiga picha. Zipo familia zinazoona uzito katika suala la picha, na uzito huo una asili yake, kwani wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu picha za vyenye roho. Ama mimea, jambo ni jepesi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimnasihi mtu aliyeishi kwa kazi ya kuchora kuwa, ikiwa hana budi, basi achore miti na visivyo na roho.

Tena apigaye picha huliacha ua mahali pake, na katika hilo mna salama. Upo mmea mtambaazi ambao wataalamu huuita Gloriosa superba, wenye ua jekundu na la njano, mfano wa ndimi za moto. Mmea huo una sumu, hasa kiazi chake, na waweza kumuua anayeula. Mtoto aufunzwe kutazama pasi na kugusa. Huko Kigamboni, mimea itambaayo ufukweni yenye maua ya zambarau huushika mchanga usichukuliwe na upepo. Mwenye kuing'oa huudhuru ufukwe.

Mfano mkubwa zaidi uko Nyanda za Juu Kusini. Uwanda wa Kitulo, uitwao Bustani ya Mungu, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua yake, ambayo huchanua kwa wingi kati ya Desemba na Aprili. Wageni husafiri kwenda kuyapiga picha, nayo hubaki. Lakini katika nyanda hizo hizo viazi vya okidi, viitwavyo chikanda, vimechimbwa kwa wingi na kupelekwa kuuzwa Zambia. Kiazi kikiondoka, ua halirudi.

Basi tuchunge adabu: tuombe idhini ya mwenye shamba, tusikanyage mazao, tusimpige picha mtu bila ridhaa yake, wala wakati wa sala usitupite. Na anayejenga aache japo kipembe cha kiwanja bila saruji, mimea ipate kuota. Picha ikibaki ndani ya simu ilhali kichaka hakipo, tutakuwa tumehifadhi kivuli na kupoteza kitu chenyewe.

Tunamwomba Allah atujaalie macho yenye kuzingatia na mikono yenye kuhifadhi. Amin.