Kabla ya jezi, nunueni mipira

Huku Ohio theluji imekwisha, nyasi zimeota na viwanja vimefunguliwa. Wazee wangu, najua wengine mnasomewa haya na wajukuu.

Leo tuzungumze mpira. Ujumbe wa mchango nimeupata, tena kutoka kwa watu watatu tofauti: kaka, shemeji na mzee mwenyekiti wa kamati. Mtaa umeanzisha timu ya watoto chini ya miaka 10, kuna kombe linakuja na mshindi anachukua mbuzi, kwa hiyo zinatakiwa jezi seti mbili, viatu vya njumu jozi 18 na posho ya kocha. Nimefurahi kweli. Mchango nitatoa, hilo msiwe na wasiwasi. Ila kwa kuwa na mimi huku ni kocha wa kujitolea wa watoto wa miaka minane na tisa (Jumanne na Alhamisi mazoezi, Jumamosi mechi), naomba nisikilizwe kabla hela haijafika dukani.

Maoni yangu ni haya. Mtoto wa miaka tisa hahitaji jezi, hahitaji kombe, wala hahitaji kuambiwa "wewe beki, usivuke katikati ya uwanja". Anahitaji mpira mguuni mwake, mara nyingi iwezekanavyo, kwenye mchezo mdogo wa watu wachache. Mambo ya kikubwa yatamkuta huko mbele, hayana haraka.

Tuanze na hesabu ya shule ya msingi. Wachezaji 22, mpira mmoja, dakika 60. Hata kama mpira ungegawanywa sawasawa kama nyama ya shughuli, kila mtoto angekuwa nao chini ya dakika tatu. Na wote tunajua haugawanywi sawasawa. Wawili watatu wenye nguvu ndio wanaoumiliki, winga wa kushoto anahesabu ndege angani. Sasa chukua watoto hao hao, wagawe wacheze wanne kwa wanne. Watoto wanane, mpira mmoja, saa ile ile: kila mmoja anapata dakika saba na nusu. Hujaongeza muda, hujaongeza uwanja. Umeongeza mipira miwili tu na mawe ya kuweka magoli.

Halafu tazameni lile goli lenyewe. Goli la wakubwa lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mtoto wa miaka tisa ana kimo cha kama mita 1.3. Mweke katikati ya lile goli, mwambie mwenzake apige juu juu. Goli! Watu wanashangilia, kocha anaona mbinu yake imefanya kazi. Lakini yule mpigaji kajifunza nini? Kajifunza kwamba kubutua kunalipa. Akifika miaka 15 anakutana na kipa mrefu, na mfukoni hana kitu kingine.

Huku Marekani shirikisho la soka liliweka utaratibu kwa nchi nzima mwaka 2017. Timu za chini ya miaka 8 zinacheza wanne kwa wanne, tena bila kipa. Chini ya 9 na 10 ni saba kwa saba. Chini ya 11 na 12 ni tisa kwa tisa. Kumi na moja kwa kumi na moja inaanzia timu za chini ya miaka 13. Mpira nao unakua na mtoto: namba 3 kwa wadogo kabisa, namba 4 kuanzia timu za chini ya 9 hadi 12, namba 5 baada ya hapo. Na watoto wa miaka 10 kushuka chini hawaruhusiwi kupiga mpira kwa kichwa, si mazoezini wala kwenye mechi, ili kulinda ubongo wao.

Kwenye saba kwa saba kuna kitu kimoja ninachokipenda sana. Kipa akiudaka mpira, wapinzani wote lazima warudi nyuma ya mstari maalumu mpaka mpira uanze kuchezwa, na kipa haruhusiwi kuubutua kutoka mikononi. Kwa hiyo beki mdogo anapata nafasi ya kupokea, kuinua kichwa na kutoka na mpira kwa utulivu. Huko kwetu beki wa umri huo anasikia neno moja tu kutoka pembeni: "Toaaa!"

Sasa ukikaa ukautazama huo utaratibu wa wanne kwa wanne, eneo dogo, goli dogo, hakuna kipa, jamani si ndiyo chandimu hiyo? Kichochoro, mawe manne, mpira wa soksi na nailoni, mkicheza mpaka adhana ya magharibi! Wenzetu wamekaa vikao na kuchora vipimo ili wampe mtoto kile ambacho sisi tulikuwa nacho bure mlangoni. Na sisi ndio tunaotaka kukitupa ili watoto wafanane na timu za kwenye televisheni. Hilo ndilo linaloniuma.

Msije mkadhani nasifia kila cha huku. Huku mtoto wengi wao hawagusi mpira mpaka wapelekwe mazoezini kwa gari. Klabu kubwa za watoto zinatoza maelfu ya dola kwa mwaka, mzazi anayefanya shifti za usiku ghalani atazitoa wapi? Ndiyo maana timu yetu ni ya mtaa tu. Tuna watoto ambao familia zao zilitoka Kongo zikapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na uwanjani tunasemeshana Kiswahili mpaka marefa wanatushangaa. Watoto hao ukiwapa mpira utafurahi mwenyewe. Chenga wanazo, tobo wanapiga, danadana usiseme. Chandimu imewapa miguu.

Ila kuna vitu chandimu peke yake haifundishi, na hapo ndipo kocha anapopata kazi yake. Mimi nafundisha vichache na navirudia kila wiki.

Cha kwanza ni macho. Kabla mpira haujakufikia, tazama bega la kushoto na la kulia, ujue nani yupo nyuma yako. Cha pili ni kupokea. Pokea kwa mguu ulio mbali na mpira unakotokea, mwili ukiwa umefunguka, ili mguso wa kwanza ukupeleke unakotaka kwenda badala ya kukurudisha ulikotoka. Cha tatu, miguu yote miwili. Kuna siku nasema leo goli la mguu wa kulia halihesabiwi, wenye mguu wa kushoto nao kinyume chake, na kelele zake ni burudani tosha. Cha nne, wanne wanasimama pembeni na mmoja katikati anautafuta mpira. Mchezo huo mdogo una kila kitu ndani yake: pasi, pembe, kutulia, kukaba.

Na mbinu za timu? Kwa umri huu zinatosha mbili. Tukiwa na mpira tunatanuka, tukiupoteza tunakusanyika. Na katika kukaba, aliye karibu anamwendea mwenye mpira, wa pili anasimama nyuma yake kidogo kumfunika, ili wa kwanza akipigwa chenga mpinzani akute ukuta mwingine. Mtoto akishika hayo mawili, siku akifika miaka 13 na kuambiwa mambo ya 4-3-3 ataelewa kwa siku chache, kwa sababu 4-3-3 ni mkusanyiko wa pembetatu alizokwisha zizoea. Asipoyashika, hata umchoree ubao mzima atakariri namba tu.

Mazoezi yenyewe yanaanza na mchezo, katikati tunafundisha jambo moja, tunamaliza na mchezo. Hakuna kuzungushwa uwanja mara kumi. Hakuna hotuba ya robo saa. Zoezi ambalo watoto 15 wanapanga mstari kusubiri zamu ya kupiga shuti moja ni zoezi la kupanga foleni, na foleni Mtanzania amezaliwa anaijua.

Najua kaka atanijibu: "Mbona Samatta katokea Mbagala bila hizo sheria zenu?" Ni kweli, na tunajivunia. Mwaka 2015 alikuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na tarehe 1 Februari 2020 akaifungia Aston Villa kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, Mtanzania wa kwanza kufanya hivyo. Lakini kaka, mmoja kufika hakuthibitishi kwamba njia ni nzuri. Wangapi waliachwa njiani, na waliachwa wakiwa na umri gani?

Mmoja tunamjua wote. Mtoto wa dada mwaka jana alipelekwa kwenye timu moja ya huko, ana miaka tisa, mwembamba, lakini mguu wake wa kushoto unaongea. Mashindano mazima alikaa benchi. Kocha alitaka mbuzi, na mbuzi anachukuliwa na watoto wenye vifua. Dada alimwuliza kocha, akajibiwa "huyu bado mdogo". Mdogo! Kwenye timu ya watoto wadogo! Sasa hivi mtoto ukimtajia mpira anainuka anaondoka. Simlaumu yule kocha peke yake. Naye anapimwa kwa mbuzi, kamati ingemtimua kama angerudi mikono mitupu.

Na mbuzi huyo huyo ndiye anayezaa vijeba. Kila anayetaka kushinda leo atatafuta mwenye ndevu amwite mtoto. Mwaka 2005 Serengeti Boys walienguliwa kwenye fainali za vijana za Afrika kwa sababu ya umri wa mchezaji, nchi nzima ikabaki na aibu. Mazoea ya namna hiyo yanaanzia mitaani, kwenye makombe kama haya, na cheti cha kuzaliwa cha kuazima.

Kwa hiyo mchango wangu utakuwa hivi, na naomba kamati inielewe. Nitanunua mipira 15 ya namba 4, koni 40 na vizibao vya rangi mbili. Posho ya kocha nitachangia nusu kwa miezi sita, kwa sharti moja: kila mtoto anayekuja mazoezini anacheza, mnene, mwembamba, wa kike, wa kiume. Jezi na njumu ziende mwaka ujao. Watoto wakicheza pekupeku mchangani hawatakufa, mbona sisi tupo.

Uwanja wa shule mkiugawa unatoa viwanja vinne vidogo. Jumamosi asubuhi pangeni timu za watoto wanne wanne, kila timu icheze na kila timu, dakika kumi kumi, na timu zichanganywe upya kila wiki ili pasiwe na timu ya wababe. Wazazi wakae upande mmoja na wapige makofi tu. Anayetaka kufundisha kwa kupiga kelele aje siku za kazi kumsaidia kocha kubeba koni.

Mzee mwenyekiti, najua suala la mbuzi ni zito na watu wameshamzoea. Basi mbuzi nitamnunua mimi mwenyewe, mwisho wa msimu. Ila achinjwe na waliwe... nimekosea wapi, yeye ndiye aliwe, na watoto wote waliocheza, aliyeshinda na aliyefungwa, sahani moja. Dada, mwambie mwanao mguu wake wa kushoto bado unahitajika, na mpira wa kwanza utakaotoka kwenye mzigo huu ni wa kwake, akae nao nyumbani.

Mzigo unaondoka kwa meli wiki ijayo. Wenye maoni nipigieni, lakini kumbukeni tofauti ya saa, jamani. Saa tano asubuhi huko, huku bado usiku na mimi nina kazi alfajiri.

Salaam nyingi kwa wote.