Jeraha Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wazee walionena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara. Lakini onyo hilo linamhusu pia mtu asiye na mali yoyote ila mikono yake miwili. Katika kaunti ya Taita Taveta, ambako wengi hupata riziki kwa kukata mkonge, kuchimba vito na kupakia malori kando ya barabara kuu ya Mombasa, mikono ndiyo shamba na ndiyo ng'ombe. Siku mkono huo unapokatika, jambo la kwanza linaloulizwa ofisini si uchungu wake, bali karatasi zake.

Nchi hii haina upungufu wa sheria za kumlinda anayeumia kazini. Upungufu wetu ni kwamba mfanyakazi huajiriwa bila kuandikwa, huumia bila kuandikwa na huachishwa kazi bila kuandikwa. Maadamu hali ni hiyo, sheria iliyo nzuri kiasi gani itabaki kuwa pambo la rafuni.

Jambo hili halikuanza jana, na historia ya eneo hili ni shahidi. Mwaka 1898, katika daraja la mto Tsavo, si mbali na Voi, simba wawili waliwashambulia watu waliokuwa wakijenga reli ya Uganda. Luteni Kanali J. H. Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao, aliandika kuwa Wahindi 28 waliuawa, pamoja na Waafrika wengi ambao hawakuwekewa hesabu rasmi. Baadaye Patterson huyo huyo alitaja watu 135. Mwaka 2009, wataalamu waliochunguza mabaki ya simba hao, yanayohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chicago, walikadiria kuwa walioliwa walikuwa kama 35.

Msomaji atauliza ni kwa nini hesabu zinapishana kiasi hicho. Jibu ni rahisi. Mhindi aliletwa kwa mkataba, jina lake likiwa kitabuni, na kwa hiyo kifo chake kilikuwa na mahali pa kuandikwa. Ndiyo maana tunajua hata leo kwamba wafanyakazi 31,983 waliletwa kutoka India kujenga reli hiyo, kwamba 2,493 kati yao walikufa, na kwamba 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au walemavu. Mwafrika aliyebeba mataruma na maji hakuwa na kitabu. Hatukuambiwa ni wangapi, wala ni akina nani, wala familia zao zilipata nini. Alikufa kazini na historia ikampita kando.

Zaidi ya karne moja imepita tangu hapo. Je, kibarua wa leo ana kitabu?

Tuitazame sheria kwanza. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 ilichukua nafasi ya ile ya zamani tuliyorithi kutoka kwa wakoloni. Inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Inamtaka pia apeleke taarifa ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku saba tangu alipoarifiwa. Aliyeumia hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini, mradi hakujiumiza kwa kusudi. Fidia ya ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, kulingana na kiwango cha ulemavu na mipaka iliyowekwa.

Tuseme mtu alikuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi na daktari akaamua kuwa amepoteza asilimia 30 ya uwezo wake. Kwa hesabu hiyo anastahili shilingi 432,000. Hizo ni pesa za kununua ng'ombe wa maziwa, kufungua duka dogo Mwatate, au kuwaweka watoto shuleni baba akijifunza kazi nyingine. Lakini hesabu nzima inasimama juu ya nguzo moja: ile shilingi 15,000. Asiye na hati ya mshahara atauthibitishaje mshahara wake?

Tena saa inamkimbiza. Madai ya fidia hayana budi kuwasilishwa katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali au, kwa wafiwa, tangu siku ya kifo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kutoa pingamizi, na akishajibiwa ana siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi. Zamani wengi walizoea kumkimbilia wakili na kufungua kesi moja kwa moja. Mlango huo umefungwa. Vifungu kadhaa vya sheria hii vilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2009, vingi vikarejeshwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaukubali uamuzi huo wa pili. Tangu siku hiyo, njia ya aliyeumia huanzia kwa Mkurugenzi, na kwa Mkurugenzi huendi mikono mitupu.

Sasa twende mashambani. Taita Taveta imejulikana kwa mkonge tangu enzi za ukoloni, na hadi leo Mwatate ina shamba kubwa la zao hilo. Anayeijua kazi hiyo anajua hatari zake. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba unaoweza kupofusha jicho. Utomvu wake huwasha ngozi. Mtambo unaokamua majani na kuacha nyuzi hautofautishi jani na kidole, na vumbi la katani humwingia kifuani anayezisugua nyuzi mwaka baada ya mwaka. Jeraha la mtambo huonekana na kila mtu. Jeraha la kifua huja polepole, na kwa kawaida hujitokeza wakati mtu amekwisha kustaafu na hana tena wa kumdai.

Kazi za namna hii hufanywa na vibarua wengi wanaolipwa kwa siku au kwa kiasi cha kazi. Wengi wao hudhani kwamba kwa kuwa hawana mkataba wa maandishi, sheria haiwajui. Dhana hiyo si kweli. Sheria ya fidia inautambua mkataba wa mdomo sawa na wa maandishi, na haijali kama malipo ni ya siku au ya kipande. Aidha, Sheria ya Uajiri ya mwaka 2007 inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi kwa siku zinazofuatana zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa anayestahili haki zake. Lakini siku hizo ni nani aliyeziandika? Nyapara ana daftari lake na kibarua hana. Wakibishana, daftari ndilo linalosema.

Mambo ni mabaya zaidi machimboni. Kule Kasigau, Mkuki na Kuranze, vijana kwa wazee, wanawake kwa wanaume, huingia ardhini kutafuta vito. Mdhamini hutoa chakula, vifaa na baruti, na mchimbaji hutoa nguvu zake kwa ahadi ya kugawana kitakachopatikana. Shimo likiporomoka, au kipande cha jiwe kikimrukia machoni, huulizwa: mwajiri ni nani? Mdhamini atasema yeye alisaidia tu, na mwenye kibali atasema hamjui mtu huyo. Jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo hupimwa kwa karati na kuandikiwa hati hadi linapovaliwa New York. Jina la aliyelitoa ardhini halimo katika hati yoyote. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwawekea utaratibu wa vibali. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, lakini kibali cha kuchimba hakimpi aliyevunjika mgongo hata senti moja.

Yanayohusu kuumia ndiyo yanayohusu pia kupoteza kazi. Voi ni mji uliokuzwa na reli, na watu wake wameona waajiri wakija na kuondoka. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977. Mwaka 2006 reli ikakabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mkataba huo ukakatizwa mwaka 2017, mwaka ambao reli mpya ilizinduliwa. Kisha mwaka 2019 serikali ikaamuru mizigo isafirishwe kwa reli hiyo, amri iliyoondolewa mwaka 2022, na biashara za kando ya barabara kuu zikayumba malori yalipopungua.

Katika misukosuko ya aina hiyo, sheria humlinda anayepunguzwa kazini: apewe notisi ya mwezi mmoja na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Aliyetumikia miaka 20 anastahili ujira wa siku 300. Ila anayelipwa ni yule ambaye miaka yake inajulikana. Mpishi wa hoteli ya madereva, fundi wa magurudumu na mpakiaji wa mizigo waliachwa na shukrani tupu, kwa kuwa miaka yao haikuandikwa popote.

Wako watakaosema kwamba lawama ni ya wafanyakazi wenyewe, kwamba hawaripoti wala hawatunzi karatasi. Hatukubaliani nao. Kibarua anajua kwamba akienda kushtaki, kesho kutwa lango halitafunguka kwake, na nje ya lango wamo wengine kumi wanaongoja nafasi yake. Ni kweli kwamba sheria inakataza kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika. Lakini kibarua hafukuzwi, haitwi tu. Basi huchukua pesa kidogo za dawa, hushukuru, na kunyamaza. Akija kugundua kuwa mkono hautapona, miezi 12 imekwisha kupita.

Wako pia waajiri wadogo, hasa wenye machimbo, wanaosema hawawezi kulipia bima. Shida yao tunaielewa. Hata hivyo, asiyeweza kulipia bima na ajali ikatokea, gharama yake haipotei. Hulipwa na mke wa majeruhi, na watoto wanaotolewa shuleni, na majirani wanaoitwa kwenye mchango. Kijiji ndicho kinachogeuka kampuni ya bima, bila kuulizwa.

Tunapendekeza mambo machache yanayowezekana. Kila shamba, chimbo na mahali pa ujenzi pawe na daftari la wafanyakazi wa siku, na kibarua apewe kijikaratasi chenye jina lake, tarehe na ujira wake. Kibali cha uchimbaji kisitolewe wala kuongezewa muda bila daftari hilo na bila mpango wa bima, hata kama ni wa kikundi kizima kuchangia pamoja. Wakaguzi wa usalama kazini wafike machimboni kabla ya shimo kuporomoka. Vyama vya wafanyakazi navyo viwatafute vibarua na wachimbaji, wasiwangoje tu wale walio na kazi za kudumu.

Kwa mfanyakazi tunasema hivi: nunua daftari la shule. Andika siku uliyoanza, jina la msimamizi wako na kila unacholipwa. Ukiumia, mwarifu mwajiri siku hiyo hiyo mbele ya mashahidi, nenda hospitali, ueleze kwamba uliumia kazini, na uihifadhi karatasi ya daktari kama unavyohifadhi kitambulisho. Ukiachishwa kazi, dai cheti cha utumishi, kwani ni haki yako kisheria. Wapo watu waliofanya kazi miaka 30 na funzo hili likawajia siku ya mwisho, wakati halina faida tena kwao. Walifundishe kwa watoto wao.

Waafrika waliokufa Tsavo mwaka 1898 hatuwezi tena kuwahesabu. Wanaoumia leo Mwatate na Kasigau tunaweza kuwahesabu, na gharama yake ni kalamu na daftari. Tusipofanya hivyo, haitakuwa kwa kukosa uwezo.