Mkole wa Bunju, mkaa wa Mbagala

KANDO YA JIJI
Na Mwanahamisi Kondo

Litaje jina la msitu wa Pande mbele ya mkazi wa Dar es Salaam aliyevuka miaka arobaini, umsikilize atakachokujibu. Hatakutajia mti wala ndege. Atakukumbusha Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini wa Mahenge na dereva teksi walipoingizwa porini humo na polisi wakauawa. Akiwa na kumbukumbu nzuri ataongeza Juni 2012, pale Dk Steven Ulimboka, kiongozi wa mgomo wa madaktari, alipotekwa usiku na kuokotwa katika msitu wa Mabwepande akiwa hoi kwa kipigo. Hiyo ndiyo sifa ya msitu wetu wa upande wa Kinondoni: mahali pa kumalizia watu. Sishangai basi kwamba unapomegwa hakuna anayelia. Nani alilie kichaka cha majambazi?

Ila sifa hiyo ni ya juzi tu. Katika miaka ya 1960 mtafiti wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, alikaa jirani na hapo, Bunju, ambayo wakati huo ilikuwa kijiji cha Wazaramo kilicho mbali na mji, akiandika mila za wenyeji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1970. Humo miti ina kazi kama walivyo na kazi wajomba na mashangazi, na mmojawapo ni mkole. Mkole hauna shina la kujivunia wala hautoi mbao. Ni mti mdogo wa vichakani, wenye vitunda wanavyotafuna watoto wakichunga mbuzi. Lakini mwali wa Kizaramo hakumaliza kuwekwa ndani bila kina mama kwenda naye mkoleni kwa ngoma na mafunzo. Hapakuwa na askari wa kuulinda mti ule. Bibi zetu waliuacha kwa kuwa walikuwa na shughuli nao, tena shughuli isiyofanyika mti ukiwa umelala chini.

Kwao Swantz, Ufini, karibu robo tatu ya nchi ni misitu, na sehemu kubwa inamilikiwa na familia za kawaida. Hata hivyo mtu yeyote, mgeni akiwemo, anaruhusiwa kuingia katika msitu wa mwenzake, akatembea, akachuma uyoga na matunda ya porini, asiombe ruhusa wala asilipe senti. Asikate mti tu, na asisogelee ua wa nyumba ya mtu. Na Wafini hao hao ni mafundi wa kukata magogo na kuuza karatasi dunia nzima! Mwenye msitu anavuna gogo, jirani anajaza kikapu chake cha uyoga, na kila mmoja ana sababu yake ya kutaka msitu uwepo mwakani.

Nisije nikaonekana nawapamba wazee wetu. Wazaramo nao walikuwa wafanyabiashara wazuri wa msitu. Karne ya 19, pwani hii kuanzia Bagamoyo kuelekea kusini ilichimbwa sandarusi, utomvu wa msandarusi uliokaa ardhini miaka mingi hadi ukawa mgumu. Ile ya bei kubwa ilipatikana hata mahali ambapo miti yenyewe ilishatoweka. Ikapita Zanzibar, ikavuka bahari hadi Salem, Massachusetts, ikawa vanishi ya kung'arisha samani na magari ya farasi ya matajiri wasiojua Uzaramo uko wapi. Kwa hiyo kuuza tuliuza. Tofauti na sasa ni kwamba aliyechimba sandarusi leo hakuwa amemzuia mwali kwenda mkoleni kesho.

Mwaka 1904 Wajerumani wakatunga sheria ya misitu. Kwao msitu ulikuwa mali ya serikali, wenye mipaka, ramani na bwana misitu. Mwenyeji aliyeingia na panga kukata fito au kuchimba mizizi ya dawa akageuka mwizi. Waingereza wakaendelea pale pale, nasi baada ya uhuru hatukubadili sana. Polepole msitu wa pembeni mwa mji ukabakiwa na wateja wawili: anayeutaka ukiwa mkaa na anayeutaka ukiwa kiwanja.

Mteja wa kwanza tunamjua, ni sisi. Kati ya 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazotegemea mkaa kwa kupikia zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, na mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba jiji hili peke yake linatumia karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania. Watafiti waliofuatilia ukataji kuanzia 1991 hadi 2005 waliona uharibifu ukisogea kutoka Dar kwenda nje, miti ya mbao za bei ikitangulia, mkaa ukifuata nyuma, kwa kasi iliyofika kilomita 9 kwa mwaka.

Simama Mbagala Rangi Tatu jioni uone mwisho wa safari hiyo. Muuza mkaa anapimia kopo la rangi lililogongwa kitako mpaka kikaingia ndani. Juu anapanga vipande vikubwa kwa ufundi, katikati pamejaa hewa, chini chenga. Mama ntilie anajua. Muuzaji naye anajua kwamba anajua. Bado wanauziana, maana mtungi wa gesi hauuzwi kwa kopo. Mwaka 2006, ule ule wa mauaji ya Pande, serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Bei ikapaa, na baada ya wiki mbili hivi marufuku yenyewe ikaondolewa.

Hatua chache kutoka kwa muuza mkaa hukaa mzee wa dawa za miti, mizizi na magome yakiwa yamepangwa juu ya kipande cha turubai. Nilimsalimia nikamuuliza kama magome anayatoa msitu wa jirani wa Vikindu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Vikindu nilikuwa naenda kwa miguu enzi hizo. Sasa nikionekana na kipanga changu naambiwa mharibifu. Naagiza Rufiji, yanakuja na basi."

"Na wewe babu si unakata miti?"

"Nikiukata, mwakani nitakutibu na nini?" Akachukua kipande cha gome akanionyesha: unabandua kidogo upande wa jua linapochomoza, kidogo upande linapozama, unauacha mti upone. Kisha akaniuliza kama nanunua au nimekuja kupiga soga. Nikanunua.

Sasa tuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa. Naunga mkono kwa moyo wote, mapafu ya mama zangu yamevuta moshi vya kutosha. Lakini tusijidanganye. Gesi itamstaafisha mchoma mkaa, dalali wa viwanja haimgusi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia waathirika wa mabondeni Mabwepande, na ilikuwa lazima watu wapate pa kulala. Barabara ikienda, mji unafuata, na mji hauulizi kichaka gani kilikuwa na mkole.

Kuna jambo la kisheria ambalo wanasiasa wetu hawalitaji majukwaani. Bunju ilipokuwa kijiji ilikuwa na ardhi yake. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuulinda na kuuvuna kwa mpango, na vijiji vya Kilwa vilifanya hivyo hadi mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, vikauza mpingo kwa jina lao. Mtaa wa mjini hauna ardhi. Mwenyekiti wa mtaa ana muhuri wa barua za utambulisho, basi. Siku kijiji kinapopandishwa hadhi kuwa mji, mwananchi ananyang'anywa njia ya kuwa na msitu na kubakiziwa njia ya kuuza robo eka. Halafu tunamshangaa akiuza.

Wenzetu wa Nairobi walikuwa na Pande yao, ikiitwa Karura. Ilikuwa ikigawiwa kwa wakubwa, na Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipigwa na walinzi hadi kichwa kikapasuka kwa kwenda kupanda mche. Hata baada ya ugawaji kuzuiwa, watu wa mjini waliogopa kuingia, kwa sababu zile zile zetu. Majirani wakaunda chama, wakashirikiana na serikali, uzio na njia za miguu vikawekwa, na leo watu wanakimbia humo asubuhi na kupeleka watoto Jumapili. Majambazi hawapendi mashahidi.

Pande, pori la akiba la kilomita za mraba 12 hivi, iko chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, ambayo siku hizi inakaribisha watalii wa ndani. Vizuri. Ila mtalii hupiga picha akarudi kwake Mikocheni. Akisikia kesho pamepimwa viwanja atasikitika kwenye simu. Wa kuitwa ni jirani. Waganga waliosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala wapangiwe zamu za kubandua magome chini ya usimamizi. Vikundi vya vijana wa Mabwepande na Mbopo vitundike mizinga. Kina bibi wa Bunju wanaotaka kwenda mkoleni na wali wao waoneshwe njia na wapewe siku yao, bila mgambo wa kuwachungulia. Vikindu ifanyiwe vivyo hivyo kwa watu wa Mbagala na Chamazi.

Nitajibiwa kwamba pori la akiba haliingiwi bila kibali. Najua. Kibali ndicho tunachoomba, kitolewe ofisi ya serikali ya mtaa, na bei yake isizidi nauli ya daladala.