Mtandao si mchawi, jamani!

Haya, nimerudi. Samahani kwa kimya, kazi zilinizidi. Leo sina habari za simu mpya wala programu mpya. Leo nina hasira na nitaimwaga hapa hapa :-)

Neno lenyewe ni hili. Kila video ikikwama, Mkenya anasema "ni network". Harusi imekatika hewani, ni network. Video imekataa kufunguka kwenye simu ya mama, ni network. Faili iko kwenye diski, kebo ya intaneti imechomolewa, na bado utasikia ni network! Tumeugeuza mtandao kuwa mchawi wa kijiji: kila ng'ombe akifa, ni yeye. Mimi nasema mara nyingi mchawi tunaye mezani, ndani ya laptopu, na anajitaja mwenyewe kwa maandishi. Sisi ndio hatusomi.

Mwezi wa nane 2024 tulimzika babu, upande wa Kakamega. Shangazi yangu anafanya kazi Doha na hakupata ruhusa ya kuja kumzika baba yake. Basi familia ikachanga pesa, tukamlipa kijana wa video arushe mazishi moja kwa moja. Dakika ya kumi simu yangu ikalia. "Mwanangu, picha imeganda. Nasikia maneno nusu nusu." Nikamwendea yule kijana. Hata hakuinua kichwa. "Kaka, ni network ya huku. Hakuna kitu naweza kufanya."

Nikatazama skrini yake. Alikuwa anatumia ffmpeg, na hilo kwa kweli lilinifurahisha. Kwa wasioijua: ni programu huria iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Haina vitufe wala picha nzuri, unaandika amri tu, lakini tovuti na programu nyingi sana za video zinaitumia kimya kimya ndani yake. Na ina tabia moja njema: haifichi. Kwenye skrini ile kulikuwa na maneno haya yakijirudia:

frame dropped!

Na mstari wa chini ulisema fps=18. Kamera ilikuwa inatoa picha 30 kila sekunde. Laptopu inapeleka 18. Hizo 12 zinakwenda wapi? Zinatupwa! Mashine inalia "natupa picha, natupa picha" na mwenyewe anasema ni network.

Sasa, hapo kuna washukiwa wawili. Labda mtandao hauwezi kubeba mzigo, kwa hiyo foleni inajaa na picha zinatupwa. Au laptopu yenyewe haiwezi kuisimba video kwa kasi inayotakiwa. Utajuaje? Unapima! Kwaya ilipoanza kuimba tulisimamisha urushaji, tukachukua klipu aliyorekodi asubuhi, tukaandika:

ffmpeg -i klipu.mp4 -c:v libx264 -preset slow -f null -

Hiyo "-f null -" mwishoni ina maana kwamba video inasimbwa kisha inatupwa kapuni. Hakuna hata biti moja inayotoka nje ya laptopu. Unaweza kuzima mtandao kabisa na jaribio litafanya kazi. Mstari wa chini ukasema speed=0.6x. Yaani kazi ya sekunde moja inamchukua karibu sekunde mbili. Mtandao haukuwepo kwenye jaribio, na tatizo lilikuwepo. Kesi imekwisha!

Mwenye hatia alikuwa neno moja: slow. Kijana alinakili amri kutoka mahali fulani, na aliyeiandika alikuwa anatayarisha video za kuhifadhi, hana haraka, mashine ifanye kazi usiku kucha. Ukirusha moja kwa moja unataka kinyume chake. Tukabadilisha hivi:

-s 1280x720 -c:v libx264 -preset veryfast -b:v 1500k -maxrate 1500k -bufsize 3000k -g 60 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 96k

Jaribio likapanda mpaka speed=2.4x. Tukarudi hewani. Hiyo "-g 60" inaweka fremu kamili kila sekunde mbili, kwa video ya picha 30 kwa sekunde. Usipoiweka, libx264 inaweza kungoja mpaka picha 250, zaidi ya sekunde nane, na aliyekatika anangoja fremu hiyo ndipo aone kitu cha maana. Halafu kuna bando. Kijana alikuwa anapeleka kilobiti 4,500 kwa sekunde kupitia simu yake. Piga hesabu: saa tatu za hiyo ni GB 6 na kidogo. Kwa 1,500 pamoja na sauti, ni GB 2 na kidogo. Hiyo ni pesa yake, ametoa mfukoni, halafu anamlaumu aliyemuuzia!

Shangazi akaona vizuri. Akamwona mama yake, yaani nyanya yangu, akisimama na kuzungumza na babu kwa mara ya mwisho, dakika kumi hivi. Nilidhani yamekwisha...

Jioni jenereta ikaishiwa mafuta. Laptopu ya kijana ilikuwa na betri iliyokufa zamani, ikazima papo hapo katikati ya kurekodi. Ilipowaka tena, faili la mazishi likakataa kufunguka. "Imeharibika, Kaka. Wacha nifute nipate nafasi." Na kidole tayari kiko kwenye kitufe! Nyanya ana miaka zaidi ya themanini. Maneno yale hatayarudia.

Nikamshika mkono. Tukaiuliza ffmpeg, ikajibu wazi: moov atom not found. Soma hapo! Haijasema picha zimepotea. Faili ya MP4 ina sehemu inayoitwa moov, ambayo ni kama orodha ya yaliyomo katika kitabu: picha fulani iko ukurasa gani. Kwa kawaida orodha hiyo huandikwa mwisho kabisa, wakati wa kufunga faili. Umeme ukikatika kabla ya hapo, kurasa zote zipo, orodha haipo. Kitabu hakijaungua. Hakina orodha tu!

Kuna programu huria inaitwa untrunc. Unaipa faili nzima iliyorekodiwa kwa mashine ile ile na mipangilio ile ile, nayo inaitumia kama mfano wa kuijenga upya ile iliyovunjika. Tulirekodi dakika moja ya ukuta, kisha:

untrunc nzima.mp4 mazishi.mp4

Nyanya akarudi. Sitaficha, nilitoka nje nikasimama gizani kidogo.

Tangu siku hiyo kijana anarekodi katika MKV, ambayo haingoji orodha ya mwisho ili isomeke. Umeme ukikatika unapoteza sekunde chache za mwisho tu. Kazi ikiisha anahamisha:

ffmpeg -i sherehe.mkv -c copy -movflags +faststart sherehe.mp4

Na hapa nifike kwa dhambi ya pili, kwa sababu bado nina hasira. Shangazi aliomba apelekewe maneno ya mama yake. Binamu yangu, kwa nia njema, akachukua faili na kuipeleka kwenye tovuti moja ya bure ya "kubadilisha video". Akamaliza bando kuipakia, akangoja saa nzima, akapakua kitu chenye ukungu, uso wa nyanya umekuwa vigae vigae. Na mazishi ya babu yangu sasa yamekaa kwenye seva ya mtu nisiyemjua. Kwa kazi ambayo ffmpeg ilifanya kwa sekunde chache, bila intaneti:

ffmpeg -ss 01:12:00 -i mazishi.mp4 -t 600 -c copy -movflags +faststart nyanya.mp4

MB 120 hivi, na picha ni ile ile, haikupungua hata chembe. Siri ni "-c copy". MP4 na MKV ni kontena tu, kama zile za bandari ya Mombasa. Mzigo ulio ndani ni kitu kingine: H.264, H.265, AAC. Kutoa mzigo kwenye kontena moja na kuuweka kwenye nyingine hakuuharibu. Kuusimba upya ni kama kuchemsha majani ya chai yaliyokwisha chemshwa: utapata chai, lakini kila ukirudia inazidi kuwa maji. (Ukikata kwa "-c copy", video huanzia kwenye fremu kamili iliyo karibu, kwa hiyo usishangae sekunde moja au mbili za ziada.) Na ile "+faststart" inaihamisha moov mwanzoni, ili video iliyo kwenye tovuti ianze kucheza kabla haijapakuliwa yote. Wangapi wamelaumu mtandao kwa sababu ya hiyo peke yake?

Kuna wakati lazima usimbe upya. Simu nyingi za siku hizi hurekodi H.265, na mashine ya zamani huenda isiifungue. Sawa, lakini tazama kwanza! Andika "ffprobe video.mp4" na itakuambia kilichomo. Daktari hakupi dawa kabla ya kukupima.

Najua mtaniambia: "Wewe umesomea kompyuta. Mpiga picha wa kijijini atajuaje moov?" Swali zuri, na jibu lake linatuuma sisi zaidi ya yeye. Kijana yule si mjinga. Alijifundisha ffmpeg peke yake, kwa Kiingereza cha kubahatisha, akinakili. Mara ngapi aliuliza na mtu mwenye digrii akamjibu "soma manual"? Nilipomweleza kwa Kiswahili, kwa mfano wa kitabu na orodha, alielewa kwa dakika tano. Ujuzi tumeukalia, halafu tunacheka wanaokosea.

Na sisemi mtandao hauna makosa. Kuna siku mnara umeanguka na kuna siku bando limekwisha. Lakini mshtaki baada ya kumpima. Jaribio la "-f null -" ni la dakika moja. Likionyesha speed ya 2x au 3x na bado picha zinatupwa hewani, basi njoo tumlaani pamoja, hata mimi nitaleta mawe.

Kabla ya hapo, usifute faili na usiseme "hakuna kitu naweza kufanya" mbele ya mtu aliyefiwa. Soma kwanza mstari wa chini wa ile skrini nyeusi.

Shangazi bado ana zile dakika kumi kwenye simu yake. Anasema huzitazama Ijumaa, siku yake ya mapumziko.

Haya, tuonane tena.