Mjamzito Aliyeumia Asirudishwe Nyumbani
Wako watu wasemao kwamba mjamzito aliyeanguka pikipiki, maadamu havuji damu, na arudi nyumbani akapumzike. Kauli hiyo ni ya hatari! Mjamzito ana damu nyingi kuliko kawaida. Aweza kupoteza nyingi kwa ndani kabla dalili hazijaonekana. Kondo ya nyuma nayo yaweza kubanduka hata kwa pigo dogo. Mimba ikipita wiki 20, asilazwe chali, bali ainamishwe kidogo upande wa kushoto, tumbo lisikandamize mshipa urudishao damu moyoni. Na moyo wa mtoto usikilizwe hospitalini kwa muda usiopungua saa 4. Wengine, kwa kuhofia eksirei, humnyima mama kipimo anachokihitaji. Mti ukianguka, tunda litaning'inia wapi?