Kwale Si Bichi Tu

Tuambiane ukweli. Vijana wengi hapa Ukunda wanajua kwamba chini ya New York kuna steshoni ya treni inaitwa City Hall, nzuri ajabu, ilifunguliwa 1904 na haijachukua abiria tangu 1945. Video zake zimepita kwenye kila simu. Sasa muulize huyo huyo Mbaruk wa Gazi alikuwa nani, uone atakavyokutolea macho. Na Gazi hata matatu hujaikalia vizuri, ushafika.

Sina ubaya na New York. Wale jamaa wanajua kazi yao. Kila kichochoro cha mji wao kina mtu wa kukisimulia, na kila hadithi inamlisha mtu. Swali langu ni sisi tunasimulia nini. Nafanya kazi hii ya kontenti kila siku, kwa hivyo nakujibu: mchanga mweupe, minazi, ngamia, jua likichomoza. Kesho tena hivyo hivyo, tunabadilisha wimbo tu.

Maoni yangu ni kwamba mahali pasiposimuliwa ni rahisi kunyang'anywa. Ukiita ufuo wote "bichi", mwenye pesa anaona ploti, na ploti huwa haina babu wala bibi. Wacha niwaonyeshe ninachomaanisha.

Tuanzie Diani penyewe. Pale Mto Mwachema unapoingia baharini, katikati ya mibuyu, kuna Msikiti wa Kongo. Una karne kadhaa na mpaka leo watu wanaswali ndani. Hoteli zote za Diani ni watoto wadogo mbele yake. Wangapi wamepiga picha pale mtoni na hawakugeuza hata shingo?

Teremka Gazi. Hapo ndipo palikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Huyu alisumbuana na Sultani wa Zanzibar miaka mingi, halafu mwaka 1895 akaingia vitani na Waingereza. Walivamia ngome yake ya Mwele, huko bara nyuma ya Gazi, naye akaendelea kuwatoa jasho mpaka 1896, alipovuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani upande wa Tanganyika. Hakuwa malaika, tusidanganyane. Wamazrui walimiliki watumwa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuisoma historia yote, na uchafu wake. Shuleni wengi wetu tulikariri vita vya watu wa mbali, hii ya mlangoni kwetu tukairuka.

Halafu kuna Wamakonde. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii si historia ya zamani. Walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa huku kwetu. Wakazaa, wakazika, wakachonga vinyago ambavyo watalii wamebeba dunia nzima. Uhuru ukaja 1963, wao hawakuhesabiwa. Vizazi vikapita bila kitambulisho. Wewe jua maana yake: huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hivyo M-Pesa unatumia ya mtu. Benki hakuna. Kazi ya maana hakuna. Polisi akikusimamisha, huna la kumwonyesha.

Oktoba 2016 wakaamua basi. Wakaandamana kutoka Kwale mpaka Ikulu, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akawaomba msamaha na kuamuru wapewe vitambulisho. Mapema 2017 wakaanza kuvipata, wakatambuliwa kama kabila la 43 la Kenya. Wanakijiji wa kawaida, miguu na mabango, wameibadilisha hesabu ya nchi! Ingekuwa Marekani, hiyo ni filamu. Huku hata bango la barabarani la kusema "walianzia safari hapa" sijaliona.

Sasa mtu ataniambia, "Kijana, historia hailipi." Sawa, tuhesabu vinavyolipa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifunga mwishoni mwa miaka ya 1980, na watu wa Msambweni wanajua walivyobaki. Madini ya titani yalianza kusafirishwa 2014, uchimbaji ukaisha Desemba 2024. Miaka kumi na kidogo, mashine zimezimwa. Hadithi haichimbwi ikaisha.

Na tayari kuna waliolielewa hili. Shimoni, wanakijiji wenyewe wanaliendesha lile pango ambalo wazee husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kupakiwa majahazini. Kiingilio kinarudi kijijini. Kinondo, ukitaka kuingia kaya unafungwa kaniki, unafuata mwongozaji wa pale pale, na hutoki na hata jani moja. Msitu ni kama hekta 30 tu, lakini tangu 2008 umo katika turathi za dunia za UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Linganisha na Chale. Kisiwa kile nacho kina kaya, na miaka ya 1990 hoteli ilijengwa juu yake. Kaya ni kaya, ila moja ina watu wanaosimama mlangoni kuisimulia.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya historia wala ya kitu kingine. Kwa hili haihitajiki. Inahitajika simu yenye chaji na adabu ya kumsalimia mzee vizuri, kukaa chini, na kumwacha amalize bila kumkatiza. Shikamoo kwanza, kamera baadaye. Ukimrekodi, mwombe ruhusa, na ukipata chochote mpelekee sukari yake. Kaunti nayo ifanye yake: vibao vya maelezo Gazi, Mwachema na Msambweni, kwa Kiswahili na Kidigo, si Kiingereza na Kijerumani tu kwa ajili ya wageni.

Wazee hawatungoji, jamani. Kila mwezi tunazika mtu aliyejua ni nani aliyepanda mwembe fulani na kwa nini kijiji fulani kilihama. Tukimaliza kuwazika, atakuja mtu na karatasi aseme hapa hapakuwa na mtu, na hatutakuwa na la kumjibu.

Wiki hii mimi naanza na Gazi. Wewe wa Tiwi, wa Lunga Lunga, wa Vanga, wa Kinango: jina la kijiji chako lilitoka wapi? Kama hujui, jioni hii muulize bibi.